Mlezi wa kazi yuko wapi? Somo la Kasongo kwa wanaotaka kubuni programu



Kila mara kuna mdogo anayeniandikia: "Kaka, nataka kujifunza UX, lakini huku kwetu nitampata wapi mtu wa kunishika mkono?" Mimi ni mtu wa agronomi. Lisansi yangu niliipata kwa kusoma udongo na mpunga, siyo kompyuta. Lakini swali hilo lilinisumbua na mimi, na jibu nilikuja kulipata katika historia ya mji wetu wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya neno. UX, yaani uzoefu wa mtumiaji, ni kazi ya kutengeneza kitu kwa kuanza na mtu atakayekitumia: anaona nini, anaelewa nini, anakwama wapi. Kitu chenyewe kinaweza kuwa programu ya simu, fomu ya karatasi au hata mlango. Jina ni la juzi. Don Norman, alipoingia Apple mwaka 1993, alichukua cheo chenye maneno hayo, na toka hapo likaenea dunia nzima.

Sasa niwaambie kosa langu. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi ya anketi kwa shirika moja, vijijini upande wa Kabambare. Mimi njo nilitengeneza fomu ndani ya tableti. Niliweka namba ya simu kuwa ya lazima: bila namba, fomu haisongi mbele. Nilijiona nimefanya kazi safi. Kumbe mama wengi hawana simu. Ili fomu ipite, wakatoa namba ya shemeji, ya jirani, ya mtu yeyote. Siku ya kugawa mbegu, ujumbe ukaenda kwa hao wenye simu. Kuna mama waliofika mbegu zimekwisha, na msimu haungojei mtu. Hakuna aliyenigombeza. Katika ripoti, fomu zangu zilionekana zimejaa vizuri.

Niliporudi Kasongo nilimwelezea mzee mmoja wa mtaa wetu, muuguzi aliyestaafu. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kabla ya kutuma ile fomu, ulikaa kando ya mama mmoja ukamwangalia anavyoijibu?" Nikanyamaza. Akasema: "Sisi tulifundishwa kukaa na kuangalia."

Nikataka kujua nani aliwafundisha. Njo hapo nikaanza kusoma.

Maniema ya kusini iliona walimu wa namna nyingi. Wakati wa Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa makao yake kuanzia miaka ya 1870, watu wa pwani walileta mpunga na Kiswahili hiki tunachoandika. Walileta pia bunduki na utumwa, hatuwezi kuficha. Baada ya vita vya 1892 mpaka 1894, serikali ya Leopold ikachukua nchi, na Kasongo yenyewe ilianguka Aprili 1893. Kisha koloni la Wabelgiji, kwa sheria ya 1917, likaanza mashamba ya lazima: mkulima anapangiwa zao, mara nyingi pamba au mpunga, na asipolima anaadhibiwa. Aliyetumwa na serikali alijua mstari, nafasi kati ya miche na tarehe ya kupanda. Kuuliza mkulima anafikiri nini haikuwa kazi yake. Nilipoisoma sheria ile, niliona aibu kidogo, kwa sababu fomu yangu yenye namba ya lazima ilikuwa ndugu yake.

Halafu mwaka 1971 kikaanza kitu tofauti. Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha pamoja na waganga wa Zaire kazi iliyojulikana kama Projet Kasongo. Swali lao lilikuwa jepesi kusema na gumu kujibu: huduma ya afya ipangwe namna gani ili mtu wa kijijini aifikie, aielewe na kuweza kuilipia? Hawakujenga hospitali kubwa zaidi. Walipanga vituo vya afya karibu na watu, kila kimoja na muuguzi, na nyuma yao hospitali ya kupokea kesi ngumu.

Angalieni mambo mawili. La kwanza ni malipo. Mgonjwa alilipa mara moja kwa ugonjwa mzima, siyo kila anaporudi. Kama unalipia kila safari, mama atarudi nyumbani na dawa za siku ya kwanza na hatarudi tena kuonyesha mtoto. Kwa kubadilisha namna ya kulipa, walimfungulia njia ya kurudi. Hiyo ni UX kabisa, miaka ishirini kabla ya jina.

La pili ni muuguzi. Aliandikiwa maelekezo ya hatua kwa hatua: uliza hivi, pima hivi, ukiona hili mpeleke hospitali. Lakini karatasi haikuachwa peke yake. Msimamizi alitoka hospitali kwenda kituoni, akaona kazi inavyofanyika, wakazungumza. Pale karatasi iliposhindwa na maisha, karatasi njo ilitakiwa kurekebishwa.

Na walipima matokeo. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, na wataalamu waliujadili kwa miaka mingi. Kasongo haikuwa peke yake: Bwamanda, Kisantu na Vanga nazo zilijaribu njia zao. Kutoka majaribio ya namna hii nchi ikapata mfumo wa zoni za afya, ambazo leo zinapita 500.

Mimi kinachonigusa zaidi ni mlolongo wa watu. Daktari Kasa Asila Pangu, Mkongomani, alifanya kazi katika mradi ule, na mwaka 1988 tezi yake ya udaktari huko Brussels ilihusu jinsi vituo vya afya vya Kasongo vilivyopangwa na kuwekwa. Aliyejifunza akawa mwenye kufundisha. Na mzee wa mtaa wetu, ambaye hana tezi, alinifundisha mimi katika swali moja.

Basi, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Unahitaji walezi wawili. Wa kwanza yuko karibu: muuguzi, mwalimu, mama muuza soko, fundi wa radio, yeyote aliyezoea kuhudumia watu na kuona wanapokwama. Huyo hajui programu, lakini anajua watu, na shule ya UX inaanzia hapo. Mwombe ukae naye siku moja na daftari. Usiseme kitu, andika tu.

Wa pili yuko mbali, na ni mtu wa fani yenyewe. Huyo usimwandikie "naomba uwe mentor wangu", atakuogopa. Mtumie kazi moja uliyofanya, picha moja nyepesi kwa sababu tunajua koneksio yetu, na swali moja: "Hapa watu watano kati ya wanane walikwama. Wewe ungebadilisha nini?" Akijibu, fanya alichosema, jaribu tena na watu, mrudishie matokeo. Mimi nilimpata wangu hivyo, na barua mbili za kwanza hazikujibiwa.

Fomu yangu niliirekebisha. Swali la simu sasa linasema: "Tukitaka kukupata, tupitie kwa nani?" Jibu linaweza kuwa simu, chifu, kanisa, msikiti au jina la jirani. Mama wa kwanza niliyekaa naye alifikiri kidogo, akasema: "Pitia kwa dada yangu, yule shemeji hapana." Nikaandika.