Kompyuta Inapojifanya Mchoraji

Wengi wenu mnajua kazi yangu ni kuandika programu, na kwamba nakaa Likoni, ng'ambo ya feri. Leo tuziache simu na seva, tupige stori ya historia.

Miaka ya 1980 wataalamu wengi wa michoro ya kompyuta (walimu wa Kiswahili wanisamehe, sisemi tarakilishi) walikuwa na ndoto moja: picha isiyotofautika na ya kamera. Mwaka 1990 Paul Haeberli wa kampuni ya Silicon Graphics akaenda kinyume. Katika mkutano wa SIGGRAPH alieleza programu inayochukua picha ya kamera na kuigeuza iwe kama ya brashi. Mbinu yenyewe unaweza kumweleza mtoto: chagua nukta kwenye picha, soma rangi yake, paka mpako mfupi wa rangi hiyo hiyo, rudia mara maelfu. Mambo madogo madogo yanapotea, jicho la mtazamaji linajaza.

Kwenye filamu mambo yakawa magumu. Ukipaka kila fremu upya, mipako inacheza-cheza. Ukiigandisha kwenye skrini, vitu vinapita nyuma yake kama mtu anayeoga nyuma ya kioo chenye nakshi. Barbara Meier wa Disney alieleza dawa mwaka 1996: bandika chembe juu ya vitu vyenyewe, mti ukisogea na mipako yake inasogea nao. Mwaka 1998 Aaron Hertzmann akaongeza jambo ambalo kila fundi wa rangi analijua: anza na brashi nene, kisha nyembamba pale tu panapoihitaji.

Algoridhimu ya Hertzmann si ndefu. Niliiandika kwa Python, nikailisha picha ya umati ukishuka feri upande wa Likoni, baiskeli, mikokoteni na yote. Ikatoka picha nzuri kweli, lakini ya Ufaransa! Kivuko chetu kimekuwa Mto Seine wa Monet. Hesabu hazina kosa. Ni kwamba uchoraji uliowazwa humo ni wa mtu anayetazama mandhari na kuuvunja mwanga kwa mipako midogo.

Sasa mlinganishe na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa hadibodi na rangi za baiskeli, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Chui wake hatoki kwenye kamera. Kuna usuli mtupu, umbo, kisha madoa moja moja. Hapo hakuna pikseli ya kusomwa rangi. Kuna kanuni zilizo kichwani mwa fundi, akawapa wanafunzi wake.

Ndiyo maana napenda njia ya Tinga Tinga Tales, katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi na Homeboyz Animation, ikaanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Wachoraji wa Tingatinga walishirikishwa, kompyuta ikapewa kazi ya kuwatembeza wanyama.

Mwaka 2015 Gatys, Ecker na Bethge, wa Tübingen, Ujerumani, walikuja na jambo jingine. Walichukua mtandao wa nyuroni uliokwisha kufundishwa kutambua vitu. Ukiupa mchoro mmoja tu, unakamata mtindo wake na kuuhamishia kwenye picha yoyote. Mmoja wa mifano yao ni Van Gogh, aliyefariki mwaka 1890, hana wa kumdai. Mchoraji wa Oysterbay au wa Kisauni yu hai na ana kodi ya nyumba.

Fundi mmoja wa hapa mtaani huchora mabango ya vinyozi kwa mkono, na kazi inampungua kwa sababu ya mabango ya kuchapishwa. Nilimwonyesha kwenye simu picha zilizotengenezwa hivyo. Rangi hazikumshangaza. Aliuliza kama ule mchoro mmoja uliolishwa kompyuta ulinunuliwa. Nikamwambia kompyuta haihitaji mchoro wenyewe, nakala ya intaneti inatosha. Akarudi kwenye ngazi yake kumalizia nywele.