Kutoka Unix hadi Faili la .env: Asili ya Usanidi kwa Vigeu vya Mazingira

Vigeu vya mazingira viliingia katika toleo la saba la Unix, lililotolewa na Maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1979. Kila kigeu ni jozi ya jina na thamani, na mchakato mzazi humrithisha mwanawe nakala ya jozi hizo. Urithi huu ni wa upande mmoja: mtoto akibadili thamani, mzazi haguswi. Kwa hiyo zana ya mstari wa amri haiwezi kuyabadili moja kwa moja mazingira ya ganda lililoiita. Foreman, zana ya David Dollar, husoma faili la .env kisha huizindua programu kama mtoto wake. Direnv hulifanya ganda lenyewe litekeleze amri inazozitoa.

Mwaka 2011, Adam Wiggins wa Heroku aliandika kanuni 12 za kujenga programu. Ya tatu ilitaka usanidi utengwe na msimbo, ukae katika vigeu vya mazingira. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba faili la usanidi huingia kwa urahisi katika hazina ya msimbo bila kukusudiwa. Hapa ndipo historia inapopinda. Faili la .env, linalotumiwa kwa jina la kanuni hiyo, lilizirudisha nywila katika faili, tena kando ya msimbo uleule. Kinga yake kuu ni mstari mmoja katika .gitignore, nao husahaulika. Aidha, kulihesabu faili hilo kuwa zao la Heroku pekee ni kusahau .profile, ambayo ganda la Unix ya 1979 lilikwisha kuisoma. Mwaka 2023, Node.js toleo la 20.6 lilianza kusoma .env bila maktaba ya nje.