Kuchukuliwa, kuandikishwa, kupangiwa

Nimekutana tena na "rasimu ya NBA", ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Safari hii ilikuwa katika habari ya Jonathan Kuminga, kijana aliyezaliwa Goma mwaka 2002, ambaye Golden State Warriors walimtaja wa saba mwaka 2021. Mwandishi hakukusudia ubaya. Alifungua kamusi, akaona neno la Kiingereza "draft" lina maana ya andiko la awali, akaandika rasimu. Lakini rasimu ni karatasi. Mtanzania akiisikia anamkumbuka Jaji Warioba na rasimu ya katiba ya 2013, na Mkenya anakumbuka ile ya Bomas. Wengine huliswahilisha tu na kuandika "drafti", na neno hilo nalo lina wenyewe: ni ule mchezo wa ubao unaochezwa barazani kwa vifuniko vya soda, kete ikila kete.

Jambo lenyewe halina ugumu. Marekani wachezaji wengi hufika ligi ya kulipwa kupitia chuo kikuu. Kila mwaka timu hukaa, na kila moja, zamu yake ikifika, hutaja jina la kijana inayemtaka. Kwa kawaida timu zilizofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndizo hutangulia. Jina likishatajwa, timu nyingine za ligi hiyo haziruhusiwi kumfuata mchezaji huyo. Utaratibu huu ulianza Philadelphia, Februari 1936, katika ligi ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai.

Mfano ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha Michigan, Aprili 1996. Kati ya vijana wa chuo hicho waliotajwa siku zile alikuwemo Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa mwaka 1974, aliyekulia Longueuil, Quebec. Kazi yake ilikuwa kupewa mpira mkononi na kupenya nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Novemba 1995, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000, alikimbia nao yadi 313 dhidi ya Ohio State, karibu meta 286, na Michigan wakashinda 31 kwa 23. Carolina Panthers wakamtaja wa nane. Katika duru ya pili New York Giants wakamtaja mwenzake wa timu moja, Amani Toomer, mdaka mpira. Mkongomani mwenye jina la Kasai na Mmarekani mwenye jina la Kiswahili wakaondoka chuo kimoja kwa mlango mmoja. Mlango huo tuuiteje?

Mwandishi wa michezo wa Dar es Salaam atajibu haraka: wamesajiliwa. Usajili ni neno zuri na lina kazi yake, lakini ndani yake kuna mkataba, wakala, ada na dirisha linalofungwa saa sita usiku. Mchezaji anayesajiliwa amekaa mezani, kalamu mkononi. Biakabutuka siku anatajwa hakuwa amesaini chochote, wala hakuulizwa kama anapenda kuishi Carolina. Usajili ulikuja baadaye.

Basi tuseme "walimchukua"? Panthers walimchukua Biakabutuka, Giants wakamchukua Toomer. Sikio la Mombasa au Tanga halitaona kasoro, nami niliwahi kuliandika hivyo bila kufikiri. Kilichonirudisha nyuma ni kulisoma neno hilo kwa sikio la Ntoto.

Ntoto iko pale Masisi inapokutana na Walikale, Kivu Kaskazini. Mswahili asiyepajua, akilisikia jina hilo, sikio lake hukimbilia "mtoto". Msemaji wa Kikongo, upande wa magharibi wa nchi hiyo hiyo, atasikia udongo. Machi 1993 mauaji yalianzia katika soko la Ntoto, yakasambaa Masisi na Walikale, na tangu wakati huo milima ile haijakosa makundi ya silaha. Katika Kiswahili cha huko kitenzi kuchukua kimepata maisha yake. Mama akisema "balimuchukua", jirani haulizi ni akina nani waliomchukua wala wamempeleka wapi. Kile kiambishi ba- mwanzoni mwa neno, ambacho pwani kingekuwa wa-, hakina jina la kukitangulia na hakilihitaji. Neno moja limeshakuwa sentensi, na sentensi imeshakuwa habari nzima: kijana alikwenda shambani, au sokoni, au shuleni, na sasa yuko porini.

Pori lenyewe limebadilika maana. "Kuingia pori" ni kujiunga na kundi la silaha, hata kama kundi lenyewe limekaa kijijini kando ya barabara. Na katika miaka hii ya karibuni "mzalendo", neno ambalo Tanzania mtu hupewa kama sifa, Kivu limekuwa jina la mwenye bunduki. Siwalaumu wasemaji. Lugha hubeba wanachobebeshwa watu wake. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa Kiswahili hana haki ya kujifanya hajui neno limepita wapi.

Lipo "kuandikishwa". Kamusi inaturuhusu: mwanafunzi huandikishwa shule, mpiga kura huandikishwa kwenye daftari. Lakini nalo limeshafika mahakamani. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, dhidi ya Thomas Lubanga wa Ituri. Kosa lake lilikuwa la maneno matatu yaliyowekwa pamoja: kuwaandikisha kwa nguvu watoto wa chini ya miaka 15, kuwapokea walioingia kwa hiari, na kuwatumia vitani. Sheria inatenganisha aliyelazimishwa na aliyekuja mwenyewe, kisha majaji wanasema hiari ya mtoto wa umri huo haimwokoi mshtakiwa. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi huko Goma ilimfunga maisha Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye kundi lake lilishika sehemu kubwa ya Walikale, na kuwaingiza watoto jeshini kulikuwa miongoni mwa makosa yake. Baada ya hapo mimi siwezi kuandika kwamba kijana wa Goma "ameandikishwa" na timu ya mpira wa kikapu, kisha nikaweka alama ya mshangao kwa furaha.

Wamarekani wao hawakujali. Neno lao la siku ile ya kutaja majina ndilo hilo hilo la kuitwa jeshini kwa lazima, na asili yake ni kuvuta, kukokota. Muhammad Ali alipokataa kuingia jeshini huko Houston, Aprili 1967, alichokataa kiliitwa kwa neno ambalo magazeti yale yale yalilitumia, kurasa chache mbele, kutangaza furaha ya wachezaji wa vyuo. Miaka saba baadaye alipigana Kinshasa, mwaka ule ule aliozaliwa Biakabutuka. Kiingereza kimeweza kulala na maana hizo mbili kitanda kimoja. Sioni kwa nini Kiswahili kilazimike kuiga.

Tofauti ya lazima na hiari ipo, na Kiswahili cha michezo kinayo tayari sehemu ya jibu. Tunasema soka la kulipwa na soka la ridhaa, ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa. Nalipenda sana neno hili, ridhaa. Lugha nyingine humwita mchezaji asiyelipwa mpenzi wa mchezo, au mtu asiye na ujuzi. Sisi tumemwita mtu aliyekubali. (Vyuo vya Marekani vilijaza viwanja kwa ridhaa hiyo miaka mingi, ni Julai 2021 tu ndipo wachezaji wake waliporuhusiwa kupata fedha kutokana na majina yao.) Na ridhaa haimwachi kijana anapofika mlangoni kwa wanaolipwa. Ligi ya futiboli haimpokei mtu ambaye miaka mitatu haijapita tangu amalize sekondari, na anayetaka kuondoka chuoni mapema lazima aombe mwenyewe. Hata akishatajwa anaweza kukataa. Kijana wa kwanza kabisa kutajwa mwaka 1936, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikataa, na hakucheza hata mechi moja katika ligi ile.

Kwa hiyo tunatafuta neno la mtu aliyeomba kuingia, asichague mahali, na bado akabaki na haki ya kutokwenda. Nililitafuta mbali, kumbe liko ofisi ya elimu. Mwalimu wa Tanzania akimaliza chuo huomba kazi, kisha husubiri orodha. Alitamani Arusha, orodha ikitoka, jina lake liko Tandahimba. Watu watasema amepangiwa Tandahimba. Ataripoti au hataripoti, shauri lake. Hakuna atakayesema amechukuliwa. Biakabutuka alipangiwa Carolina. Toomer alipangiwa New York, akaripoti, akacheza mechi zake zote za ligi akiwa na Giants.

Hilo ni la mchezaji. Shughuli yenyewe, wakati timu zinapotaja majina, napendekeza tuiite mgao. Nenda uwanja wowote wa watoto, Masisi au Mwanza, wenye mpira wa majani ya migomba uliofungwa kamba. Makapteni wawili wanasimama, wengine wanapanga mstari. Huyu anaita mmoja, yule anaita mmoja, mpaka anabaki yule mdogo mwenye kaptula inayoteleza, akiangalia vidole vyake vya miguu. Wanagawana. Kila mtoto pale alikuja kwa miguu yake, na jioni atarudi kwao. Najua mgao kwa Mtanzania ni giza la umeme, na kwa aliye kambini ni kopo la unga na mafuta. Najua pia neno hili linamfanya mtu fungu la kugawanywa. Sitaki kulificha hilo, kwa sababu ndivyo timu zinavyofanya: zinagawana watu, dhaifu akitangulia ili nguvu zisilundikane upande mmoja. Neno linalosema ukweli huo ni bora kuliko linaloupamba.

Ningependa kumuuliza Dikembe Mutombo, yule Mkongomani wa mpira wa kikapu. Denver Nuggets walimtaja wa nne mwaka 1991 akitokea Georgetown, na huko chuoni alisomea isimu na diplomasia. Alifariki Septemba 2024, na kati ya wote waliopita mlango ule hakuna ambaye angefaa kuulizwa swali hili kuliko yeye.

Ombi langu ni kwa watangazaji wa Goma, Bukavu na Beni, na kwa wenzao wa Nairobi na Dar. Siku jina la kijana wa Masisi au Walikale litakaposomwa kwenye mgao, mama yake atakuwa karibu na redio, na majirani pia. Msiseme amechukuliwa. Semeni amepangiwa timu, mtaje na timu yenyewe, na mji ilipo.