Nani Atalisubiri Jua?

Gharama ya umeme wa jua karibu yote hulipwa mwanzoni, ilhali faida yake huja kidogo kidogo kwa miaka. Kwa hiyo anayetaka paneli juu ya paa lake huhitaji pia mtu atakayekubali kumsubiri. Ujerumani na Kenya zilimpata mtu huyo mahali tofauti kabisa.

Ujerumani ilimpata katika sheria. Kuanzia mwaka 2000, makampuni ya gridi yalilazimika kununua umeme wa paa la raia kwa bei isiyobadilika kwa miaka 20. Bei ya kwanza ilizidi senti 50 za yuro kwa uniti, juu sana ya ile aliyotozwa raia huyo umeme ulipoingia nyumbani kwake. Benki ziliiamini ahadi hiyo, zikakopesha.

Kenya ilimpata katika simu. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo yake ya jua mwaka 2012, ilidai malipo ya awali, kisha takriban shilingi 40 au 50 kwa siku kupitia M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Paneli ya wati 8 iliwasha taa, ikachaji simu na kuendesha redio. Asiyelipa alizimiwa kutoka mbali. Aliyemaliza, mtambo ulikuwa wake. Paa la Mkenya halikuuza chochote. Lilishindana na mafuta ya taa, na kwa familia iliyosomea kibatari, uniti ya kwanza ya umeme ina thamani ambayo uniti ya mia haiwezi kuifikia.

Mzigo nao haukuangukia bega moja. Mjerumani asiye na paa aliwalipia wenye mapaa kupitia tozo kwenye bili, iliyofikia senti 6.88 kwa uniti mwaka 2017 na kuondolewa Julai 2022. Mkenya alijilipia mwenyewe, na gharama ya mkopo ikiwa ndani ya zile shilingi za kila siku. Mwezi wa mavuno mabaya ulimrudisha gizani. Mimi naona huo wa Kenya ndio mzigo mzito zaidi. Hata hivyo, tozo ya Wajerumani ilikuza soko la dunia, viwanda vya China vikapanuka, bei ya paneli ikaporomoka. Mpangaji wa Berlin alichangia, pasipo kujua, paneli ya Kakamega, Kenya.

Siku hizi njia hizo zinakaribiana. Umeme wa ziada wa paa jipya Ujerumani hununuliwa kwa chini ya senti 10, ilhali ule wa gridi hupita 30. Faida sasa ni kuutumia mwenyewe, kama Mkenya alivyofanya tangu mwanzo. Kenya nayo, kwa Sheria ya Nishati ya 2019, imewafungulia wateja wa gridi mlango wa kurudisha ziada yao. Mpangaji wa Ujerumani ameanza kuning'iniza paneli kwenye roshani ya ghorofa na kuichomeka kwenye soketi. Mwenzake wa Nairobi, anayeishi chini ya paa la mwingine, bado ananunua tokeni za umeme.