Bati, misumari na gata: vikague kabla ya mvua

Mvua za kwanza zinaponyesha hapa Nyanda za Juu Kusini, mwezi Novemba hivi, ujumbe unaoingia studio ni uleule: bati linavuja, fundi hapatikani. Atapatikanaje, wakati kijiji kizima kinamwita siku hiyohiyo? Kazi hii, msikilizaji, ni ya Septemba na Oktoba, paa likiwa kavu.

Anza na misumari. Mchana bati linatanuka kwa jua, usiku linasinyaa, na miaka ikienda msumari unalegea kwenye papi na mpira wake unapasuka. Maji hupenyea hapo. Kuugongelea tena kwenye tundu lilelile hakusaidii, maana tundu limeshapanuka. Ung'oe, piga mnene au mrefu zaidi wenye mpira, na uwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde yanakopita maji. Kagua zaidi ukingo wa paa, maana upepo huanza kuinua bati hapo. Wengi huweka mawe juu kuzuia upepo. Mawe yanakwangua bati, yanatunza unyevu, kutu inaanza, na upepo mkali ukija yanaweza kumwangukia mtu.

Penye kutu, sugua kwa brashi ya waya, kisha paka rangi ya kuzuia kutu kabla bati halijatoboka.

Sasa gata, ambayo wengi tunaisahau. Paa linalofunika mita 8 kwa 6, ikinyesha mvua ya milimita 20, hushusha lita kama 960, karibu mapipa matano ya lita 200. Gata ikiziba au ikining'inia, maji yote hayo yanamwagika chini ya ukuta. Jiko la mama yangu, la tofali mbichi, lilianguka hivyo. Mabati yalikuwa mazima kabisa. Gata ilikuwa imelegea upande mmoja, na kwa misimu miwili maji yakachimba msingi taratibu bila mtu kujali.

Kwa hiyo toa majani na udongo, na kata matawi ya mparachichi yaliyolalia paa. Gata ishuke kama sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Kupima ni rahisi: mwaga ndoo ya maji upande wa juu. Yakituama katikati, pandisha kishikio cha hapo, la sivyo utafuga mbu. Kama unakinga maji ya kunywa, mvua ya kwanza iache ipite nje ya tangi. Inaosha vumbi na vinyesi vya ndege.

Ukipanda, kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi, na mtu ashike ngazi. Kama waya wa umeme unapita karibu na paa, usipande. Watu wa umeme waje kwanza.