Uji wa Nyumbani na Unga wa Kopo: Historia ya Kulikiza Mtoto katika Kongo tangu 1912

0. Utangulizi

Kiswahili kina njia mbili za kutaja tendo la kumtoa mtoto katika maziwa ya mama. Ya kwanza ni kuachisha ziwa, nayo hutazama kile anachoondolewa mtoto. Ya pili ni kulikiza. Kitenzi hiki chaeleza pia kumpa mtu ruhusa ya kuondoka, na kutokana nacho tumepata nomino likizo. Mtoto anayelikizwa, basi, ni mtoto aliyepewa ruhusa ya kuondoka kifuani mwa mama yake. Swali linalobaki ni hili: anapoondoka hupokelewa na chakula gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kukichagua?

Makala haya yanafuata historia ya swali hilo katika Kongo. Kwa kawaida jambo hili huelezwa kama mashindano kati ya mila na sayansi: upande mmoja uji uliopikwa na mama au bibi, upande wa pili unga uliotengenezwa kiwandani na kuuzwa dukani. Uchunguzi wa historia waonyesha kwamba mgawanyo huo haukuwa wazi hivyo hata siku moja.

1. Kulikiza kabla ya kopo

Katika jamii nyingi za Kongo mtoto alinyonya miaka miwili, au hata mitatu. Katika muda huo mama na baba walitarajiwa kujizuia wasipate mimba nyingine. Waswahili wa pwani wana kitenzi maalumu kwa kosa la kuvunja mwiko huo, yaani kubemenda: wazazi wanaorudiana mapema humdhoofisha mtoto aliye ziwani. Imani ya namna hiyo ilikuwako pia bara, kwa majina mengine. Tukiiondolea maelezo yake ya kimila, tunaona ndani yake hesabu ya busara. Mtoto asiye na meno ya kutosha, katika nchi isiyo na maziwa ya ng'ombe kila mahali, hana akiba nyingine ila ziwa la mama.

Wakati huo huo mtoto aliingizwa polepole katika chakula cha watu wazima. Katika Katanga alipewa uji wa mahindi, na baadaye bukari, katika Kivu uji wa mtama na ndizi zilizopondwa, magharibi, muhogo. Yafaa kukiri hapa udhaifu wa uji huo. Wanga ukipikwa hunyonya maji na kuvimba, hata uji ukawa mzito kabla ya kuwa na unga wa kutosha. Mama akiongeza maji ili mtoto aweze kumeza, anapunguza nguvu iliyomo katika kila kijiko. Tumbo la mtoto hujaa, mwili wake ukabaki na njaa. Pale ambapo karanga, maharagwe au dagaa waliopondwa viliongezwa, kasoro hiyo ilipungua. Palipokuwa na muhogo mtupu, hatari ilikuwa kubwa.

2. Asili ya unga wa dukani

Chakula cha kiwandani kilizaliwa Ulaya katika miaka ya 1860, wakati ambapo watoto wengi wa miji ya viwanda walikuwa wakifa. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alitangaza mchanganyiko wa maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano na unga wa kimea. Mwaka 1867 Henri Nestlé, aliyeishi Vevey katika Uswisi, alianza kuuza unga wake wa maziwa na ngano. Katika Marekani, kampuni ya Gerber ilianza kuuza mboga zilizochujwa mwaka 1928, baada ya mama mmoja wa ukoo huo kuchoshwa na kazi ya kuzichuja mwenyewe jikoni.

Mambo mawili yastahili kuzingatiwa. Kwanza, kopo lilitoka jikoni: kiwanda kilichukua kazi ya mama, kikaifunga na kuitia bei. Pili, kimea alichokitumia Liebig hakikuwa kigeni kwa Afrika. Mwanamke anayelowesha mtama, akauacha uote, akauanika na kuusaga kwa ajili ya pombe au togwa, anafanya kazi ya kemia iyo hiyo. Vimeng'enya vya nafaka iliyoota huvunja wanga, na uji mzito hulainika bila kuongezewa maji. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania, wakiwemo wale wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, walilichunguza jambo hili na kuonyesha kwamba kijiko kidogo cha unga wa kimea chaweza kuugeuza ugali wa mtoto kuwa uji wa kunywa wenye nguvu ile ile. Elimu iliyouzwa Ulaya kama uvumbuzi ilikuwa imelala katika mitungi ya pombe ya vijijini.

3. Mizani ya kampuni

Serikali ya Kibelgiji ilipoitwaa Kongo mwaka 1908, iliikuta nchi iliyochoshwa na vita, kazi ya shuruti na maradhi. Hofu ya upungufu wa watu ilienea miongoni mwa wakubwa, wamisionari na wenye migodi. Mwaka 1912 kikaundwa chama cha kuwalinda watoto weusi wa Kongo ya Kibelgiji. Chama hicho kilifuata mfano wa kazi iliyoitwa Goutte de Lait, ambayo daktari Léon Dufour aliianzisha Fécamp, Ufaransa, mwaka 1894: watoto wapimwe uzito, mama wafundishwe, maziwa safi yagawiwe.

Hata hivyo, kilichokuwa dawa Ufaransa kilibadilika maana katika Kongo. Katika Fécamp tatizo lilikuwa mama wasionyonyesha. Katika Kongo, madaktari wengi waliwalaumu mama kwa kunyonyesha kupita kiasi! Waliona kwamba miaka miwili au mitatu ya kunyonyesha na kujizuia ilichelewesha uzazi, na nchi ilihitaji wafanyakazi. Kumlikiza mtoto mapema kukawa shabaha ya siasa ya watu na ya kazi.

Katika Katanga jambo hili lilionekana wazi zaidi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliacha polepole, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, desturi ya kuwaajiri wanaume peke yao kwa muda mfupi. Mfanyakazi aliruhusiwa kukaa na mke na watoto kambini, chini ya uangalizi wa kampuni. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza siasa hiyo, aliieleza katika kitabu mwaka 1946. Mama walipeleka watoto kupimwa, familia ilipata mposho kwa kadiri ya idadi ya watoto, na watoto walioachishwa ziwa walilishwa chakula kilichopikwa na kampuni.

Si haki kusema kwamba mizani hiyo haikuokoa mtu. Watoto waliopimwa walitibiwa pia. Lakini hapo ndipo mamlaka ya jikoni yalipohama. Bibi aliyejua ni lini mtoto yu tayari alikuwa amebaki kijijini. Mahali pake pakakaliwa na muuguzi mwenye daftari. Mama kijana wa kambini alijifunza kwamba chakula bora cha mtoto ni kile kitokacho nje ya nyumba yake.

4. Ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba, ngozi inayobambuka na nywele zinazogeuka rangi. Mwaka 1935 alichapisha jina waliloutumia wenyeji kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa na mdogo wake anayezaliwa. Kiswahili sanifu chauita unyafuzi. Katika Kongo, daktari Giovanni Trolli alikusanya mwaka 1938 taarifa za Kwango juu ya ugonjwa ulioitwa huko mbuaki. Neno la umbo la karibu, bwaki, ndilo linalosikika leo Bukavu na pande zake. Baada ya mwaka 1947 watafiti wa Lwiro, katika Kivu, waliuchunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi.

Jina la Kiga lilikuwa limekwisha kutaja chanzo kabla ya maabara: mtoto aliyetolewa ziwani kabla ya kupata kitu cha kushika mahali pake. Hapa uji wa nyumbani hauwezi kutetewa kwa mapenzi tu. Uji wa muhogo mtupu uliopikwa kwa upendo mkubwa haumkingi mtoto. Lakini pia siasa iliyotaka mtoto alikizwe mapema, ili mama ashike mimba nyingine, ilikuwa ikimweka mtoto yule yule katika hatari hiyo hiyo.

5. Ubishi juu ya kopo

Baada ya uhuru matangazo ya maziwa ya unga yaliongezeka katika Afrika. Williams alikuwa ameonya mapema: mwaka 1939, mjini Singapore, alisema hadharani kwamba kuwahimiza mama watumie maziwa yasiyofaa ni sawa na kuua. Mwaka 1974 shirika la Kiingereza War on Want lilitoa kijitabu cha Mike Muller juu ya biashara hiyo, na kuanzia mwaka 1977 wanunuzi wa Marekani waliisusia Nestlé. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya moja, ile ya Marekani.

Kopo lenyewe halikuwa na sumu. Madhara yalitokana na mazingira lilimofunguliwa: maji machafu, chupa isiyochemshwa, kuni chache, na bei iliyomlazimisha mama kupunguza vijiko ili unga ufike mwisho wa mwezi. Hivyo, unga ghali uliozimuliwa ulirudi kuwa kama uji mwepesi wa kijijini, tena bila ziwa la kumwokoa mtoto. Mwaka 2001 mkutano huo ulipendekeza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha vyakula vingine huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Sayansi ilikuwa imerudi karibu na desturi iliyolaumiwa mwaka 1912.

6. Mposho ulipokatika

Katanga ilipata fundisho lake katika miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji wa mwaka 1991 uliharibu maduka na viwanda, na mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikashindwa kulipa mishahara na mposho. Familia zilizolishwa na kampuni kwa vizazi viwili zikarudi kwenye mashamba ya pembezoni mwa mji. Wengi walipaswa kujifunza upya kutengeneza uji wa mtoto.

Katika Kivu, na katika Rwanda jirani, ilipatikana njia ya katikati. Masoso ni unga wa mahindi, soya na mtama. Jina lake limeungwa kwa silabi za kwanza za maneno ya Kifaransa maïs, soja na sorgho. Wanyarwanda wamezipanga silabi hizo hizo wakapata sosoma. Unga huu husagwa nyumbani au katika kinu cha mtaa, na pia huuzwa madukani ndani ya mifuko. Je, ni wa nyumbani au wa dukani? Ni vyote viwili, na ndiyo maana umekubalika upesi.

7. Hitimisho

Haja bado ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kopo nalo halijawa shahidi asiye na upande: mwaka 2024 mashirika ya Public Eye na IBFAN yalionyesha kwamba aina za Cérélac zilizouzwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia zilitiwa sukari, ilhali zile za Uswisi hazikutiwa.

Historia hii haimpi ushindi mpishi wala mwenye duka. Yaonyesha kwamba mtoto ameumia kila mara mama alipokosa moja kati ya mambo matatu: kujua kilichomo katika chakula, kuwa na uwezo wa kukipata kila siku, na kuwa na hiari ya kuchagua wakati wa kukitoa. Kampuni ilitoa chakula, ikachukua hiari. Tangazo lilitoa hiari, likaficha bei na yaliyomo. Kijiji kilitunza hiari na elimu, lakini mara nyingine kilikosa maharagwe. Mwenye kuandika leo mafundisho ya lishe kwa Kiswahili cha Kongo atafanya vema kuanza na neno kulikiza: likizo ya mtoto iwe ruhusa anayoitoa mama mwenyewe, naye amekwisha kujua chakula kinachomngoja mwanawe.