Jino Bovu la Simba wa Tsavo

Mwaka 1984, kampuni ndogo ya michezo huko California iitwayo Chaosium ilitoa kisa kirefu cha kuchezwa mezani, Masks of Nyarlathotep. Waliokiandika, Larry DiTillio na Lynn Willis, waliwazungusha wachezaji New York, London na Kairo, kisha wakawaleta Kenya ya mwaka 1925. Unashuka melini Mombasa, unapanda treni ya Nairobi, na ukiwa njiani viumbe wa moto wanaivamia treni. Ukiponea hapo, miongoni mwa watu unaoweza kukutana nao bara ni mtu mmoja jina lake Johnstone Kenyatta.

Ndiye huyo huyo. Miaka hiyo Kenyatta halisi alikuwa ameajiriwa na manispaa ya Nairobi katika idara ya maji, akizunguka kusoma mita. Kwa maoni yangu kazi hiyo ingemfaa mhusika kuliko siasa zote zilizofuata: mtu anayeingia ua wa kila tajiri mchana kweupe, daftari mkononi, na hakuna anayemuuliza anatafuta nini. Ama kuhusu treni, reli ilikuwa ile moja tu. Katika miaka yake ya mwanzo abiria wa Kizungu walishuka Voi kula chakula cha jioni kabla ya kuingia usiku wa Tsavo. Viumbe wa moto, ukipiga hesabu ya saa, hawakuwa mbali na nchi ya Wadawida, watu wa milima ya Taita.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Watu wanne au watano wanaketi na karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mtu ana mhusika wake, aliyemtunga mwenyewe, naye humsemea. Msimulizi anasema: mlango umefungwa kwa ndani, kuna harufu ya moshi. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini, na jambo likiwa na shaka, dadu huamua. Hakuna mshindi, kisa huendelea wiki hadi wiki, pengine miaka. Aliyelelewa kwenye hadithi za jioni, akaitikia “Pakawa!” mbele ya bibi yake, ameshaujua nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba hapa Sungura anaruhusiwa kumkatiza bibi na kusema, mimi shimo hilo siingii.

Asili yake ni vita. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, von Reisswitz, alikamilisha mchezo ulioanzishwa na babake, wa kuwafundisha maofisa mbinu za vita kwa vipande vilivyosogezwa juu ya ramani. Karibu karne na nusu ikapita, na michezo ya aina hiyo ikabaki ya kusogeza majeshi. Askari hakuwa na jina, wala mke, wala deni.

Deni liliingia mwaka 1969. David Wesely, kijana wa Minnesota nchini Marekani, alibuni mji uitwao Braunstein na kumpa kila mchezaji mtu mmoja badala ya kikosi: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu kiongozi wa wanafunzi. Mambo yakavurugika. Wachezaji walijitenga vyumbani, wakanong’onezana, wakasalitiana, na vita vyenyewe havikupata nafasi. Wesely alidhani amefeli, lakini wenzake wakamwomba mwingine. Katika mmoja wa michezo iliyofuata, uliowekwa katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini iliyojaa njama za mapinduzi, Dave Arneson alipewa mwanamapinduzi mpole ambaye kazi yake ilikuwa kusambaza vikaratasi. Alikuja na kitambulisho bandia cha shirika la ujasusi la Marekani, akawashawishi wenzake kwamba upole wake ni kificho. Mwisho wa jioni alikuwa ndani ya helikopta na hazina ya taifa. Silaha yake ilikuwa kadi na mdomo.

Arneson huyo ndiye aliyeungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 zilizokwisha ndani ya mwaka. Cha kushangaza ni kwamba mhusika wa mchezo huo mpya alikuwa mwembamba kuliko yule mgawa vikaratasi. Unarusha dadu tatu mara sita, unapata nguvu, akili, busara, uimara, wepesi na mvuto. Unachagua kuwa mpiganaji, mchawi au kuhani. Unaingia pangoni, na mara nyingi unafia humo jioni ile ile. Kumtungia historia ndefu mtu atakayekufa saa tatu usiku ilikuwa kupoteza wino. Majina nayo yalipatikana kwa haraka: mchawi mashuhuri Drawmij ni Jim Ward, mmoja wa waliocheza na Gygax, akiandikwa kinyumenyume.

Mchezo wa Traveller, uliotoka 1977, ulimtungia mhusika maisha ya nyuma kwa dadu, kipindi baada ya kipindi cha utumishi, na aliweza kufa kabla mchezo haujaanza. Watu walicheka, ila aliyenusurika alifika mezani na umri na makovu yake. Mwaka 1981 Sandy Petersen, katika Call of Cthulhu, mchezo ambao kile kisa cha treni ni wake, alimwekea mhusika kipimo cha utimamu wa akili, kinachoshuka kila anapoona yasiyofaa kuonwa. Na toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lilimtaka mchezaji ajibu tangu mwanzo: una kasoro gani, na ni nani au nini kimekufunga?

Pwani yetu haikungoja 2014. Fumo Liyongo wa simulizi za Pate na delta ya Tana hakubaki midomoni kwa ajili ya misuli, maana majitu yenye misuli ni mengi. Amebaki kwa ajili ya kitovu kinachochomeka kwa sindano ya shaba, na mwana aliyerubuniwa kuitafuta siri hiyo. Muhammad Kijumwa wa Lamu alipouandika utendi wake mwaka 1913 alimkuta mhusika amekamilika: nguvu, upenyo katika nguvu hiyo, na mtu wa karibu wa kuutumia. Halafu kuna Saada, mjakazi aliyempelekea gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Ukiniweka mezani nichague kati ya Liyongo na Saada, namchukua Saada. Yeye ndiye aliyelazimika kupita mbele ya walinzi na uso mkavu.

Taita Taveta imezaa wahusika wa kujaza meza nyingi, ila wengi wao wametungwa na wapita njia. Wa kwanza kwa umaarufu ni Kanali John Henry Patterson, aliyefika Mto Tsavo mwezi Machi 1898 kujenga daraja la reli. Simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni walikuwa wakiwatoa wafanyakazi mahemani usiku. Alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba, wa pili kabla mwaka haujaisha, na mwaka 1907 akatoa kitabu. Baadaye alitaja watu 135 walioliwa. Wanasayansi waliopima nywele na mifupa ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kuwa walikuwa kama 35. Tofauti hiyo ya mia moja ndiyo kazi ya mtunzi.

Simba wenyewe walikuwa mazulia nyumbani kwa Patterson kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 1924 alipowauzia jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000. Wataalamu walipochunguza mafuvu waliona kwamba mmoja wao alikuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake. Jaribu kumkaba nyati na jino la namna hiyo. Mtu ni laini zaidi. Sisemi jino linaeleza kila kitu, kwa sababu mwenzake hakuwa na maumivu kama hayo na bado alikula watu, lakini kwa mtunga wahusika jino hilo linashinda hesabu zote za vifo. Bila jino ni zimwi. Ukimpa jino, ghafla unajua kwa nini leo amepita mbali na zizi la punda na kuja kwenye hema.

Filamu ya Hollywood ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, haikulihitaji jino hilo. Mwandishi wake William Goldman alimwongeza mwindaji Mmarekani aitwaye Remington, akaigizwa na Michael Douglas, mtu ambaye hakuwahi kuwepo Tsavo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, kwa hiyo hata nyika yetu ilipata mwigizaji wa badala.

Na wakati Remington akibuniwa, kitabu cha Patterson mwenyewe kilikuwa kimejaa watu ambao mchezaji yeyote angewagombania. Mwashi aliyetoka India alilipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida rupia 12, basi wengi walijiandikisha kuwa waashi ilhali hawajawahi kuchonga jiwe. Patterson aliwagundua, akaamua kulipa kwa kazi iliyofanyika, nao wakapanga kumuua machimboni. Simba walipozidi, wengine walilala juu ya matangi ya maji, wengine juu ya miti, wengine wakachimba mashimo ndani ya mahema na kujifunika magogo. Mwanzoni mwa Desemba kundi kubwa likajilaza relini kusimamisha treni, likadandia na kwenda zake pwani. Mwashi wa uongo anayelala juu ya tangi: hapo mhusika ameshaanza kutembea, na dadu hazijaguswa. Ana ujuzi anaodai kuwa nao, ana sababu ya kudai, na kesho asubuhi watampa nyundo mbele ya watu.

Tarehe 14 Mei 1931 ndege ndogo ya Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza, ilianguka na kuwaka mara tu baada ya kuruka kutoka Voi. Dunia inamfahamu kupitia mwandishi Karen Blixen na filamu ya mwaka 1985. Ndani ya ndege hiyo alikuwemo pia Kamau, mtumishi wake, naye akafa. Kamau aliyaona mawindo yale yale, akasikia mazungumzo yote ya kambini, akapanda chombo ambacho wenzake wengi walikitazama kwa mbali tu. Hakuna aliyemtungia hata jioni moja.

Kuna watu ambao hawahitaji kutungiwa. Campbell Bridges, mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland, aligundua mawe ya kijani katika nchi hii kavu mnamo 1970, na mwaka 1974, mwaka ule ule wa kisanduku cha Gygax, kampuni ya Tiffany ikayaita tsavorite. Bridges aliishi katika nyumba juu ya mti, na mawe yake aliyalinda kwa chatu. Aliuawa mwaka 2009 katika mgogoro wa machimbo. Mchezaji angemleta mtu kama huyo mezani, msimulizi angemwambia apunguze chumvi.

Kina Patterson, Finch Hatton na Bridges wameshika kurasa, lakini milimani kuna waliokaa karne nyingi bila karatasi ya mhusika. Kuna mlinzi wa msitu wa fighi, ambako haingiwi ovyo. Kuna mzee aliyejua kila fuvu lililopangwa pangoni ni la babu gani, na kwa hiyo alijua shamba gani linabishaniwa bure. Kuna mwanamke wa ngoma ya Mwazindika, ambaye ngoma hiyo ikilia anasema yale ambayo mchana angeyameza. Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ilitoa Nyambe, kitabu cha Christopher Dolunt cha kuchezea Dungeons & Dragons katika Afrika ya kubuni, na ilikuwa hatua njema. Lakini bara zima ndani ya jalada moja haliwezi kujua tofauti ya Wundanyi na Mwatate. Ya hapo yanajulikana na aliyeketi mezani.

Nitaweka mmoja. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipopenya kutoka upande wa Taveta, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia, wakawahamisha hadi Malindi. Walikaa huko miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi. Mhusika wangu alichukuliwa akiwa na miaka sita. Anajua kuvua, jambo lisilo na faida yoyote Kasigau. Anajua Kigiriama kuliko lugha ya mamake. Kasoro yake: humwamini yeyote anayemwita kwa jina lake la utotoni, na nyumbani kuna mtu aliyebaki, anayelima shamba la babake, ambaye jina hilo analijua vizuri. Ameshuka treni Voi na kapu moja na samaki wakavu. Mlima Kasigau unaonekana kusini, bluu, karibu kuliko ulivyo. Jua limeinama. Msimulizi anaokota dadu na kuuliza: unaanza kutembea sasa hivi, au unatafuta pa kulala hapa stesheni?